Kabla hujauza bima, nunua karatasi: Nani afaa kulipia mtihani wa ajenti?

Saa nane usiku simu yangu ililia chini ya mto. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu yangu aliye Minnesota, Marekani. Kule ilikuwa bado saa kumi na mbili jioni, na ukisikiliza zile kelele za nyuma ungejua yuko ndani ya gari, ametoka tu kazini.

"Niaje, hebu amka unifanyie hesabu," akaanza.

Huyu binamu yangu amemaliza miaka minne akiwaosha, kuwalisha na kuwainua wazee katika makao ya wazee. Ni kazi ya heshima, na ndiyo inayolipa karo katika nyumba nyingi hapa kwetu. Lakini mgongo wake umeanza kuleta maneno. Mama mmoja wa kanisani kwao akamshauri: wacha kuinua wazee, anza kuwauzia bima ya Medicare. Kamisheni si mbaya, unafanyia kazi nyumbani, na wazee hawaishi.

Binamu akaenda kikao cha kuandikisha maajenti wapya. Akapewa soda, biskuti, na orodha ya vitu vya kulipia. Masomo ya leseni, mtihani wa leseni, leseni yenyewe, bima ya makosa ya kikazi, halafu cheti cha Medicare cha dola 175. Hiyo ni karibu Sh22,600 za Kenya, kwa cheti kimoja tu, tena cha mwaka mmoja.

"Sasa niambie," akasema, "nikilipa Julai, pesa za kwanza nitaona Januari. Hapo katikati nakula nini?"

Nimekuwa nikitafuna hilo swali tangu siku hiyo, na leo nataka tulitafune pamoja. Manake hata kama hujawahi kupanda ndege, hili jambo la kununua karatasi ndio uruhusiwe kutafuta kazi unalijua vizuri.

Medicare ni nini hasa?

Tuanze hapo, usije ukachanganya na mambo ya SHA. Medicare ni bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa watu waliofikisha miaka 65, pamoja na baadhi ya wenye umri mdogo walio na ulemavu au magonjwa fulani mazito. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria yake Julai 30, 1965. Kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.45 ya mshahara kwa ajili yake, na mwajiri hutoa asilimia 1.45 nyingine. Kwa kulinganisha tu, wewe hapa SHA inakukata asilimia 2.75. Kwa hivyo binamu yangu tayari anaichangia Medicare kila akilipwa mshahara.

Sasa, mzee akifika 65 ana njia mbili kubwa. Anaweza kubaki na Medicare ya serikali moja kwa moja, akaongeza bima ya dawa na ile ya kujaza mapengo inayoitwa Medigap. Ama anaweza kuchukua mpango wa kampuni binafsi, unaoitwa Medicare Advantage, ambapo kampuni inalipwa na serikali ili imhudumie. Zaidi ya nusu ya wenye Medicare sasa wako kwenye hii njia ya pili.

Hapo kwenye kampuni binafsi ndipo ajenti anaingia. Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, wazee wanaruhusiwa kubadilisha mipango. Ni kama msimu wa kuvuna. Televisheni zinajaa matangazo, simu zinalia, na maajenti hawalali. Mpango mpya unaanza kufanya kazi Januari 1, na kwa kawaida kamisheni nayo inaanza kuonekana wakati huo.

Kumbuka hizo tarehe. Cheti kinaanza kuuzwa mwishoni mwa Juni. Mauzo ni Oktoba. Pesa ni Januari. Ndiyo maana binamu anauliza atakula nini.

Mzigo uko kwa kampuni, bili iko kwa ajenti

Kuna kitu nilikigundua nikisoma mambo haya hadi alfajiri, na ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Kanuni za serikali ya Marekani zinazitaka kampuni za bima zihakikishe kwamba kila ajenti anayewauzia mipango ya Medicare amefunzwa na kupimwa kila mwaka. Soma tena hiyo sentensi. Wajibu umewekwa kwa kampuni. Serikali haikusema ajenti atoe pesa mfukoni. Ilisema kampuni ihakikishe.

Kampuni nazo zikafanya nini? Nyingi zinakubali mafunzo ya AHIP, ambacho ni chama cha kampuni zenyewe za bima ya afya. Ajenti anaingia kwenye tovuti ya chama hicho, analipa, anasoma, anafanya mtihani, kisha anapeleka matokeo kwa kampuni. Yaani mwenye wajibu wa kukufunza ni kampuni, mwenye kuuza mafunzo ni chama cha kampuni, na mwenye kulipa ni wewe ambaye hujauza hata bima moja.

Hebu fikiria umeajiriwa jikoni hotelini. Sheria inasema mwenye hoteli ahakikishe wapishi wake wamepimwa afya. Mwenye hoteli anakuambia sawa, ukapimwe, kliniki ni ya chama cha wenye hoteli, na ulipie mwenyewe. Mwaka ujao urudi tena. Ungenyamaza?

Nataka kuwa wa haki. Kwanza, bei si lazima iwe dola 175. Ukiingia kwenye mafunzo hayo kupitia tovuti ya kampuni ya bima unayotaka kuuzia, mara nyingi bei inashuka hadi dola 125. Hiyo ni tofauti ya dola 50, zaidi ya Sh6,000. Yule aliyemwandikisha binamu yangu hakumwambia. Niligundua mimi, nikiwa Nairobi saa tisa usiku, bando ikikaribia kuisha. Mtu anayejiita kiongozi wako kazini anakuachaje ulipe dola 50 za bure? Ama hajui, ama hajali. Yote mawili ni mabaya.

Pili, kuna kampuni na mawakala wakubwa wanaomrudishia ajenti pesa za cheti akishauza idadi fulani ya mipango. Vizuri. Lakini ona vile inafanya kazi: anayerudishiwa ni yule aliyefaulu kuuza. Yule mgeni aliyejaribu akashindwa, ambaye ndiye mwenye shida zaidi, ndiye anayebaki na hasara yote.

Tatu, dola 125 si mwisho wa hesabu. Leseni ya jimbo inalipiwa. Ukitaka kumuuzia mzee aliye jimbo jingine, unalipia leseni ya jimbo hilo pia. Wakenya Marekani wametapakaa: Minnesota, Texas, Georgia, Maryland, Massachusetts, Washington. Mtu akitaka kuhudumia jamii yake, anajikuta analipia leseni tano au sita. Halafu baada ya cheti kikuu, kila kampuni ina somo lake dogo kuhusu mipango yake. Hilo kwa kawaida halilipishwi pesa, lakini linakula masaa, na masaa ya mtu anayelipwa kwa saa ni pesa.

Maswali 50

Mtihani wenyewe una maswali 50, na ili upite unahitaji asilimia 90. Yaani maswali 45. Unapewa nafasi tatu. Ukianguka zote tatu, unalipa upya, na kuna kampuni ambazo hazitakukubali tena mwaka huo hata ukipita baadaye.

Sasa sikia hii. Kiwango ambacho serikali inataka ni asilimia 85. Katika maswali 50 hiyo ni maswali 43. Kwa hivyo kuna watu wanaopata 43 au 44, watu ambao kwa kipimo cha serikali wanatosha kuuza, lakini kwa kipimo cha anayeuza mtihani wameanguka.

Najua utasema maswali mawili ni kitu gani, asome tu. Kweli. Lakini mtu anayefanya mtihani saa nne usiku baada ya zamu ya masaa kumi na mawili, kwa lugha yake ya tatu, maswali mawili ni mlima.

Mtihani ubaki

Usinielewe vibaya. Sisemi mtihani uondolewe. Nikisema hivyo nitakuwa nimewauza wazee.

Ajenti asiyejua kazi anaweza kuharibu maisha ya mtu. Chukua mfano wa Medigap. Mzee akijiunga na sehemu B ya Medicare akiwa na miaka 65 au zaidi, ana miezi sita ambapo kampuni ya Medigap haiwezi kumkataa kwa sababu ya ugonjwa. Ile miezi ikipita, katika majimbo mengi kampuni inaweza kumuuliza kuhusu sukari, presha na moyo, kisha ikamkataa au ikampandishia bei. Ajenti asiyejua hilo, au anayejua akanyamaza kwa sababu mpango mwingine una kamisheni nono, anaweza kumfungia mzee mlango ambao hautafunguka tena.

Tena kuna mambo ya mtandao wa hospitali. Mipango mingi ya Medicare Advantage ina orodha ya madaktari wake, na kuna matibabu ambayo lazima kampuni iyaidhinishe kwanza. Mzee ambaye amezoeana na daktari wake wa figo miaka kumi anaweza kuhamishwa kwenye mpango ambao daktari huyo hayumo. Atajua lini? Akifika kliniki Februari.

Kwa hivyo mtihani uwepo. Sheria kali ziwepo. Na kwa kweli zipo: ajenti haruhusiwi kupigia mzee simu ambayo hakuiomba, haruhusiwi kubisha mlango bila mwaliko, na simu za kuuza lazima zirekodiwe. Mimi nakubaliana na hayo yote.

Swali langu ni moja tu: nani analipa?

Manake anayelipa anabadilisha tabia ya anayeuza. Mtu aliyeingia kazini akiwa na deni la leseni, deni la cheti na miezi sita bila mapato hatakuwa mtulivu mbele ya mzee. Atakuwa na njaa. Na mwenye njaa akiona mzee anasitasita, hamwambii "mama, nenda ufikirie". Anamwambia "tia saini hapa". Tukitaka maajenti waadilifu, tusiwaanzishe na madeni.

Lakini si kamisheni ni kubwa?

Hii ndiyo hoja nzito ya upande ule mwingine, na siwezi kuikwepa. Mwaka 2025 serikali iliweka kiwango cha juu cha kamisheni ya mteja mpya wa Medicare Advantage kuwa dola 626 katika majimbo mengi, na dola 313 kila mwaka mteja akiendelea. Mtu atakuambia: uza mpango mmoja tu na cheti chako kimejilipa mara tano. Wacha kulia.

Sawa. Lakini tupige hesabu pole pole.

Dola 626 ni za mteja anayeingia kwa mara ya kwanza. Mzee anayetoka Medicare Advantage moja kwenda nyingine, na hao ni wengi msimu wa Oktoba, analipiwa nusu. Mteja akiondoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kampuni inachukua kamisheni yake yote. Na ajenti mgeni mara nyingi yuko chini ya wakala mkubwa ambaye naye ana sehemu yake katika makubaliano yao.

Halafu kuna wateja wenyewe. Watatoka wapi? Huruhusiwi kupiga simu ovyo, huruhusiwi kubisha milango. Ajenti mkongwe ana wateja 300 wanaomletea dola 313 kila mwaka. Kwake dola 125 ni bei ya chakula cha jioni na familia. Mgeni ana shangazi mmoja na mama wawili wa kanisani. Ada ni ileile, lakini uzito si uleule. Ndiyo maana nasema hii ada si kizuizi kwa matapeli. Tapeli ana pesa. Kizuizi ni kwa mtu kama binamu yangu.

Kwa nini ikuhusu wewe wa Kayole

Utaniambia: ndugu, mimi niko Kayole natafuta kodi ya nyumba, mambo ya Minnesota yanaingilia wapi?

Yanaingilia hapa. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na Marekani ndiyo inayoongoza kwa pesa hizo. Mgongo wa binamu ukikataa kazi, kuna mtoto hapa ambaye karo yake inakwama. Na kila dola anayolipia karatasi ni dola ambayo haikufika kwa M-Pesa ya mtu fulani.

Pia yanaingilia kwa wazazi wetu. Wakenya wengi wamewachukua mama zao wakaishi nao kule. Mama huyo akiwa na kadi ya ukaaji wa kudumu, akifikisha 65 na awe ameishi Marekani miaka mitano mfululizo, anaweza kujiunga na Medicare kwa kulipa ada ya mwezi. Sehemu ya hospitali, ambayo Mmarekani aliyefanya kazi miaka kumi haiilipii ada, yeye huenda akailipia pesa nyingi kwa sababu hana historia ya kazi kule. Hayo ni mambo ya kueleza taratibu, kwa lugha anayoielewa. Huyo mama wa Nyamira au Murang'a anahitaji ajenti anayeweza kumwambia kwa Kiswahili, ama kwa lugha ya nyumbani, kwamba "mama, hii ukichukua, daktari wako hayumo".

Kila ada inapomfukuza ajenti mmoja wa aina ya binamu yangu, kuna mama mmoja anayebaki kusikiliza sauti ya mgeni kwenye simu akijibu "yes, yes" asijue amekubali nini.

Na yanaingilia kwa sababu hii tabia tunayo hapa nyumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo najua bei ya karatasi. Nimewahi kulipia cheti cha tabia njema Sh1,050 ndio nipeleke maombi ya kazi ambayo sikuitwa hata mahojiano. Nimewahi kuambiwa nilipie "mafunzo" ya siku mbili ndio nianze kazi ya mauzo. Hapa Kenya pia ajenti wa bima anahitaji cheti cha umahiri na leseni kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na ni sawa awe navyo. Lakini kila mahali swali ni lilelile: mbona gharama ya kumwandaa mfanyakazi inawekwa kwa yule ambaye bado hana kazi?

Kifanyike nini?

Kama ningekuwa na dakika tano na wanaopanga mambo haya Washington, ningewaambia vitu vitatu.

Moja, mwenye wajibu alipe. Kanuni inasema kampuni ihakikishe ajenti amefunzwa. Basi kampuni igharamie mafunzo. Kama wanaogopa watu kuchukua cheti cha bure na kutoroka, walipe angalau kwa kila anayepita mtihani, si kwa anayeuza tu. Atakayepita amethibitisha kwamba hakuja kucheza.

Mbili, anayerudia asianze upya. Ajenti aliyepita mwaka jana apewe somo fupi la mambo yaliyobadilika, na ada ndogo inayolingana na somo hilo. Medicare hubadilika kila mwaka, ndiyo, lakini haizaliwi upya kila Juni.

Tatu, alama ya kupita iwe ile ya serikali. Kama asilimia 85 inatosha kulinda wazee, inatosha. Kama haitoshi, serikali yenyewe iipandishe kwa wote.

Na wewe msomaji, uwe hapa ama ng'ambo, kabla hujalipia cheti chochote cha kazi, uliza maswali haya. Ni nani anayekitaka cheti hiki, sheria ama mtu fulani tu? Kuna njia ya kukipata kwa bei ya chini, ama kampuni inayotoa mafunzo yake bure? Kikiisha, nitalipa tena baada ya muda gani? Nikianguka itakuwaje? Pesa yangu ya kwanza inaingia mwezi gani, na hadi hapo nitaishi kwa nini? Anayenilipia, akinilipia, ananifunga kwa makubaliano gani? Hili la mwisho usilipuuze. Kuna ajenti aliyelipiwa kila kitu, kisha alipotaka kuhama akagundua kampuni za bima hazitampokea hadi wakala wa kwanza amwachilie kwa maandishi.

Kama una mzazi kule anayekaribia 65, jua pia kwamba kila jimbo lina washauri wa Medicare wanaoitwa SHIP. Hawalipishi, na hawapati kamisheni ukichagua mpango huu ama ule. Mzazi aongee nao kwanza, kisha ndio azungumze na ajenti. Ajenti mzuri hatakasirika.

Binamu yangu alilipa. Alipitia tovuti ya kampuni, akalipa 125 badala ya 175. Jaribio la kwanza akapata 44 kati ya 50. Asilimia 88. Serikali ingesema amepita. Tovuti ikasema ameanguka. Alinitumia picha ya skrini bila maneno yoyote. Wiki iliyofuata, baada ya zamu ya usiku, akarudia akapata 47.

Bado anainua wazee mchana. Mgongo bado unauma. Oktoba 15 ikifika ataanza na wale mama wawili wa kanisani, na ameniahidi kwamba kama mpango wanaouhitaji ni ule usio na kamisheni, atawaambia hivyo. Namwamini. Lakini si haki kuuweka wema wa mtu kwenye mizani na deni la cheti, halafu kungoja kuona kipi kitakuwa kizito.